Mnaokuja Gujo kujifunza sampuru, someni hii kabla hamjashika brashi

Wadogo zangu habari zenu. Kuna vijana wetu kadhaa wamenitafuta mwaka huu wakiulizia kazi ya sampuru, ile ya Wajapani ya kutengeneza vyakula bandia vinavyokaa kwenye makabati ya vioo nje ya migahawa, na nimekuwa namjibu kila mtu kivyake mpaka nimechoka kurudia, kwahiyo leo naandika yote kwa pamoja. Mimi nilikuja Japani kusoma lugha, nikapata kibarua kwenye karakana ndogo hapa Gujo Hachiman, mkoa wa Gifu, nikaipenda kazi, nikabaki. Sasa ni mwaka wa sita. Naandika yale ambayo ningefurahi sana mtu angeniambia siku ya kwanza.

Kwanza neno lenyewe lisikutishe. Sampuru ni sampuli, ni neno lile lile la Kiingereza, sisi limetufikia likawa sampuli na wenzetu limewafikia likawa sampuru. Ukilielewa hivyo umeshaelewa nusu ya kazi. Kinachokaa pale kwenye kioo ni sampuli ya kile mteja atakacholetewa mezani, sio pambo. Nitalirudia hili huko mbele maana mimi lilinigharimu.

Na mji mnaokuja mjue ni wapi. Gujo Hachiman ni mji mdogo wa milimani, maji yanapita kwenye mifereji kila kona, mto Yoshida unakatiza katikati na watoto wanaogelea humo kiangazi. Hapa ndo alipozaliwa Iwasaki Takizo mwaka 1895, mtu ambaye kazi hii ilianza kuwa biashara kamili kupitia kwake alipofungua karakana Osaka mwaka 1932. Hapa mjini wanasimulia kwamba utotoni aliona nta ya mshumaa ikidondokea kwenye maji na kuganda kwa umbo la ua, na kile kitu hakikumtoka kichwani. Sampuru yake inayosifiwa mpaka leo ni kimanda, alikifinyanga kwa nta kwa kufuatisha kimanda alichopika mke wake. Kimanda jamani! Kitu cha njano kilichokunjwa, ukikitazama juu juu unasema hiki hata mtoto anatengeneza, halafu kaa chini ujaribu kumfanya mtu aamini kwamba ndani bado ni laini.

Kabla yake migahawa ilishaanza kuweka mifano ya vyakula nje, baada ya lile tetemeko kubwa la mwaka 1923 duka kubwa la Shirokiya kule Tokyo liliweka mifano ili watu waone na kuchagua kabla hawajaingia. Vyakula vya kizungu vilikuwa vigeni bado, mtu anasoma jina kwenye menyu hajui ni kitu gani, lakini akikiona kwenye sahani anajua. Hiyo sababu haijafa hadi leo. Mgeni asiyejua kusoma Kijapani anamtoa mhudumu nje, anaonyesha kidole, anakula. Mimi mwenyewe miezi yangu ya kwanza nilikula kwa kidole.

Sasa kazi yenyewe. Zamani kila kitu kilikuwa nta, na kalibu zilitengenezwa kwa agaagari, ile ile inayogandisha vyakula. Shida ya nta ni joto, ikikaa juani inalegea, na ukiigonga inavunjika. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 karakana zikahamia kwenye vinaili, plastiki ya maji maji unayoimwaga kwenye kalibu ya silikoni na kuioka kwenye oveni mpaka ikaze. Mlolongo uko hivi, mgahawa unaleta chakula chenyewe kilichopikwa pamoja na bakuli lao lenyewe, unakitenganisha kipande kwa kipande, kila kipande unakimwagia silikoni, ikikaza unatoa chakula, unabaki na kalibu. Unachanganya rangi ya msingi ndani ya vinaili, unamimina, unaoka, unapoza, unachomoa, unakata ile mikia ya mshononi, yaani vinaili ya ziada iliyojitokeza ukingoni, kwa mkasi mdogo, halafu ndo rangi, spreya ndogo na brashi, halafu kupanga kwenye bakuli na kugandisha kwa gundi.

Ukisoma hivyo unaona kazi ni kalibu. Wote tunakuja na wazo hilo, kwamba silikoni inanakili kila kitundu kwahiyo sampuru itajileta yenyewe. Silikoni kweli inanakili, mpaka kijishimo cha ngozi ya kuku unakiona. Lakini kinachotoka kwenye kalibu ni mzoga tu wa chakula, una umbo na hauna kitu kingine. Chakula kilipomwagiwa silikoni kilikuwa kimeshapoa, jani limeshanyong'onyea, mafuta yameganda. Kazi yako ni kukirudisha kwenye ile dakika kilipotoka jikoni. Wenyeji wana neno lake, shizuru-kan, yaani ile hali ya chakula kuonekana bado kinachemka, bado kinatoa mvuke, jasho la glasi ya baridi, mafuta yanayometa ukingoni mwa nyama. Hiyo haipo kwenye kalibu. Inatoka kwenye jicho lako, na jicho halina hicho kitu kama hujalifundisha.

Nieleze ilivyonikuta. Miezi mitatu ya kwanza nilikuwa naosha kalibu na kukata mikia ya mshono, siku nzima, kamba wa baharini mmoja baada ya mwingine, punje za mahindi kwa mamia. Siku moja fundi mkuu, mzee wa miaka sabini na kitu, akaniuliza kwenu chakula gani unakijua kuliko vyote. Nikamjibu chapati. Akaniambia nitengenezee. Nikafurahi sana, nikasema hapa ndo pangu, nimekulia Tanga nimesukuma chapati toka darasa la nne. Nikapika bwenini, nikaipeleka, nikamwaga silikoni, nikatoa kalibu safi isiyo hata na kiputo kimoja, nikaoka, nikapaka njano ya maziwa, nikaweka madoa ya kahawia hapa na pale. Nikamwekea mezani.

Akaitazama muda mrefu. Hakusema mbaya. Akaniuliza upande upi ulianza kugusa kikaango. Nikanyamaza. Akauliza kwa nini doa hili liko kwenye bonde na hili liko kwenye kilima. Nikanyamaza tena. Akauliza ukiichana, ndani inafananaje. Nikaanza kueleza kwa mikono akanizuia, akasema mou ikkai, rudia tena, na hili neno lizoeeni maana mtalisikia kuliko jina lenu.

Nikapika chapati jioni tano mfululizo, safari hii nimekaa na taa na daftari. Ndo nikaona kwa mara ya kwanza maishani mwangu kwamba madoa yanakaa juu ya vile vivimbe tu, kwa sababu chapati ikifura ni vile vivimbe vinavyogusa chuma, mabondeni panabaki peupe peupe kama unga mbichi. Upande wa kwanza madoa yake ni madogo na mengi, upande wa pili ni makubwa na machache. Pembeni pana ule mviringo mwembamba mweupe ambao mafuta hayakuufikia vizuri. Ukiiweka kwenye hotipoti nusu saa inabadilika tena, madoa yanafifia, mng'ao unapotea, inalainika na kulala. Chapati ya kikaangoni na chapati ya hotipoti ni sampuru mbili tofauti kabisa! Nimezila zote miaka ishirini na sikuwahi kuziona.

Chapati ya pili niliiacha imechanwa kidogo upande mmoja, ile sehemu ya kuchanika nikaijenga kwa vinaili nyembamba tabaka juu ya tabaka, na ndani ya tabaka nikaacha rangi iwe nyeupe inayopitisha mwanga kidogo, kahawia ikaanzia nje. Fundi akaishika, akaigeuza, akasema oishisou, inaonekana tamu. Hajawahi kula chapati maisha yake yote. Mpaka leo iko kwenye rafu ya karakana karibu na dirisha.

Kwahiyo ushauri wangu mkubwa ni huu, kabla hujaja, miezi hii uliyonayo, pika na uangalie. Wali, samaki wa kukaanga, yai, nyanya iliyokatwa. Chukua yai la kukaanga ulitazame kwenye mwanga wa dirisha, utaona ute mweupe sio mweupe, ukingoni umekauka na kuwa kahawia, karibu na kiini pana sehemu inaonekana kama kioo. Chora hata kama hujui kuchora. Andika rangi inaanzia wapi, maana rangi ya chakula nyingi inatoka ndani kuja nje, na mtu anayepaka juu tu kazi yake inaonekana kama kichezeo. Ndo maana rangi ya msingi tunaichanganya kwenye vinaili kabla ya kuoka, spreya inakuja kuongezea.

Nta haijafa, msiidharau. Letusi na tempura (kamba au mboga zilizochovywa kwenye unga na kukaangwa) za nta wanafundishwa hata watalii hapa mjini na utaanza nazo wewe pia. Maji ya uvuguvugu ya kama digrii 40 kwenye beseni kubwa, unamimina nta nyeupe, unafuatishia ya kijani, halafu unashika ukingo kwa vidole vya mikono miwili na kuizamisha taratibu huku unaivuta. Nta inakuwa nyembamba, inajikunja yenyewe na mikunjo ya jani, unaiviringisha iwe kichwa cha letusi, ukikikata katikati unakuta majani yamepangana ndani kama ya shambani. Ukivuta haraka inachanika, ukichelewa inakaza mkononi. Tempura vile vile, nta ya njano unaidondosha kutoka juu ili itawanyike kwenye maji kama unga unavyotawanyika kwenye mafuta, unalaza kamba, unamfunga. Ni sekunde chache, mkono unajifunza kwa kurudia tu, hapa sina siri ya kuwapa.

Sasa lile nililosema lilinigharimu. Mwaka wa pili nilipewa oda yangu ya kwanza peke yangu, udon ya tempura, zile tambi nene za supu zenye tempura juu yake, ya mgahawa mmoja. Walileta bakuli lenye kamba wawili. Nikaona upande mmoja pamebaki wazi, nikaongeza kamba wa tatu, nikaongeza na kitunguu cha majani, bakuli likapendeza kweli. Likarudi ndani ya wiki. Mwenye mgahawa hakugomba, alisema tu wateja wawili wameshahesabu kamba mezani kwao wakamuuliza wa tatu yuko wapi, na yeye akaona aibu mbele yao. Nililala vibaya siku hiyo. Sampuru ni ahadi ya mtu mwingine unayoitengeneza kwa mikono yako, kiasi ni kile kile, kipande ni ukubwa ule ule, supu inafika pale pale. Fanya kionekane kitamu kwa mwanga na rangi na mpangilio, usikifanye kiwe kingi. Kuna karakana zinatengeneza pia mifano ya wataalamu wa lishe hospitalini, ya kumfundishia mgonjwa wa sukari bakuli lake la wali liwe na kiasi gani, pale ukizidisha kidogo unampotosha mgonjwa. Fanya kila bakuli kama ni la kule.

Ndo maana pia kila oda ni upya. Watu wanadhani kuna mashine inatema sampuru za ramen, zile tambi za supu, elfu moja, hapana, kila mgahawa una ramen yake, nyama inakatwa kivyake, yai limeiva kivyake, na ndo sababu sampuru moja inaweza kugharimu mara kumi na zaidi ya chakula chenyewe.

Mambo madogo haraka haraka. Chakula chenye maji kikaushe vizuri kabla ya silikoni, maji yanaacha vishimo kwenye kalibu na utaviziba kwa mkono kipande kwa kipande. Silikoni mimina taratibu kutoka kona moja, viputo vipate pa kutokea. Mvuke wa vinaili na thina sio wa kuvumilia kiume, fungua dirisha hata kama nje kuna theluji, vaa barakoa yenye chujio, kichwa kikianza kuuma toka nje. Mnaosoma kwa viza ya mwanafunzi, kibarua kinahitaji kibali na mwisho ni saa 28 kwa wiki, msikubali mtu awashawishi kuzidisha. Mkipita Tokyo nendeni Kappabashi, mtaa wa vyombo vya migahawa kati ya Ueno na Asakusa, maduka ya sampuru yapo, ila msiangalie vile vya kuning'iniza funguo, angalieni ile tambi iliyonyanyuliwa na uma hewani, kaeni hapo mjiulize uzito umebebwa na nini. Na katikati ya Agosti hamtalala, kuna ngoma ya Gujo Odori mji mzima unacheza usiku kucha, chezeni.

Cha mwisho ni siku ya kupeleka kazi. Ukishaipanga kwenye kabati la mgahawa usiondoke. Toka nje, vuka barabara, rudi ukitembea kama mtu mwenye njaa, simama pale atakaposimama mteja, halafu chuchumaa kwa urefu wa mtoto. Kioo kinaakisi, taa ya dukani ina unjano wake, na ule mchuzi uliokuwa mzuri karakanani unaweza kuonekana wa kijivu. Beba brashi na rangi kwenye begi ili urekebishe hapo hapo. Na kila ukipita mtaa ule angalia kazi yako, hasa kama kabati linapigwa na jua. Nyekundu ndo inatangulia kukimbia, nyanya ikianza kuwa ya machungwa ingia umwombe mwenye mgahawa urudi nayo karakanani siku mbili.