Maswali yenu: umbo lipo hapo hapo ulipo

Wiki mbili zilizopita niliandika kuhusu kivuli cha dirisha kwenye sakafu ya jikoni kwangu, na namna nilivyokipiga picha kwa simu, nikitafuta umbo lake tu. Maswali yakaja mengi. Haya ndiyo niliyoweza kuyajibu.

Shikamoo mwalimu. Nakaa Tabata, chumba na sebule, nje ni ukuta wa jirani. Maumbo nitayapata wapi?

Marahaba mwanangu. Hapo hapo Tabata. Kama dirisha lako linatazama magharibi na lina nondo za urembo, subiri jioni. Juzi nilivuta kigoda nikakaa kutazama za kwangu. Saa kumi na nusu vivuli vyake vilikuwa vipande vifupi sakafuni, kama kashata zilizokatwa kwenye sinia. Saa kumi na mbili kasorobo vilikuwa vimerefuka mpaka kwenye ndoo ya maji, vikapanda ubavuni mwake, na pale mistari iliyonyooka ikapinda yote kwa pamoja. Nilipiga picha tano, na ninayoipenda ni ya ule mpindo peke yake, ndoo yenyewe haionekani mdomo wala mpini.

Kinachowashinda wengi ni kuacha kukiita kitu jina. Ukishasema "ndoo", macho yanaona yamemaliza kazi. Jiambie "duara limekaa juu ya mistari", utaona yanaendelea kutafuta. Ukienda sokoni simama juu kabisa ya fungu la nyanya, tatu chini na moja juu, utazame kama hujui kuwa ni nyanya.

Picha zangu za mchana zinatoka bapa. Ni simu yangu?

Simu haina kosa. Sisi tuko karibu na ikweta, na saa sita mchana jua linakuwa juu ya vichwa vyetu. Dar es Salaam, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na Oktoba 10, linasimama utosini kabisa, mpaka mlingoti unakosa kivuli. Pasipo kivuli ukuta wenye mikunjo unaonekana kama karatasi. Piga kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Ukilazimika kupiga mchana, tafuta mabati ya ukutani. Mwanga unaoteremka kutoka juu unayachora vizuri sana yakiwa yamelazwa, mabonde yake yakienda kushoto na kulia.

Naona nyuso kila mahali: bajaji, makufuli, viazi. Ni kawaida?

Ni kawaida kabisa. Ubongo wa binadamu una haraka ya kutambua uso, na wataalamu wanaiita hali hiyo pareidolia. Zipige hizo nyuso zote, uziweke pamoja.

Nilipiga milango ya Mji Mkongwe, Unguja. Yote imeinama na kupinda, na kichochoro hakinipi nafasi ya kurudi nyuma.

Inainama kwa sababu unainua simu ili upate sehemu ya juu. Mistari ya pembeni inakimbiliana kule juu. Shika simu wima kabisa, usawa wa katikati ya mlango, na uwashe mistari ya gridi ikuongoze. Usitumie ile lenzi ya kuona eneo pana, maana ndiyo inayopinda kingo.

Ila kwa maoni yangu, usihangaike kupata mlango mzima. Mji ule uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na milango yake mizima imeshapigwa na kila mgeni. Anza kwa kutofautisha: milango ya zamani zaidi imenyooka juu, na ile iliyokuja baadaye kwa mtindo wa Kihindi ina tao. Kisha sogea. Chukua mfaa peke yake, ule ubao wa katikati, au mnyororo uliochongwa kwenye fremu, uufuate kwa kidole kutoka chini. Pete moja ya mnyororo ule, ikipigwa jua la asubuhi kutoka ubavuni, inatosha kuwa picha.

Niko Tanga. Nilipiga picha dema la mvuvi, yaani mtego wake wa samaki, akanifokea. Nilikosea nini, wakati sikumpiga yeye?

Hukutoa salamu. Dema ni riziki yake, na umelisogelea kama limeokotwa. Rudi, msalimie, mwombe radhi, kisha muulize linavyosukwa. Vipande vyembamba vinapita pande tatu, na vinapokutana vinaacha matundu ya pembe sita. Kwa kuwa vinashikana kutoka pande tatu, matundu hayatanuki ovyo. Akikuonyesha mwenyewe, utajua pa kuelekeza kamera.

Na penye bango la kukataza picha, kambini au bandarini, simu ikae mfukoni.

Chini ya mwembe wetu kuna vitone vya mwanga vya duara. Mbona nafasi kati ya majani si duara?

Swali hili limenifurahisha kuliko yote. Kila upenyo mdogo kati ya majani unafanya kazi ya kamera isiyo na lenzi. Unapitisha mwanga na kuchora chini picha ya jua lenyewe, na jua ni duara. Umbo la upenyo linapotea, la jua linabaki.

Ushahidi ulionekana Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa. Rujewa, wilayani Mbarali, lilibaki pete angani, na mahali kama Dar es Salaam lilimegwa sehemu tu. Vitone vya chini ya miti navyo vikafuata: penye pete, pete, penye kumegwa, hilali, mamia kwa mamia juu ya mchanga.

Agosti 2, 2027 jua litapatwa tena, na huku kwetu Afrika Mashariki litamegwa sehemu. Usilitazame kwa macho wala usilielekezee simu. Tandika shuka jeupe chini ya huo mwembe wenu, piga picha chini.