Rudisheni "Kila" Mahali Pake

Swali: Natafsiri jedwali la kubadili vizio vya mtiririko wa joto, ikiwemo BTU, kizio cha Kiingereza cha nishati ya joto. Mstari mmoja nimeuandika hivi: "BTU 1 kwa saa kwa futi mraba ni wati 3.155 kwa mita mraba." Mhariri ameukataa bila kunieleza sababu. Kosa liko wapi?

Jibu: Hesabu yako haina kasoro. Kilichokwenda kombo ni lugha, na mhariri wako hakukuonea, ingawa sababu alipaswa kukupa.

Tazama mzigo tunaolitwika neno "kwa". Chumba kikiwa cha mita 4 kwa 5, tunazidisha na kupata mita 20 za mraba. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, hapo tumegawanya. Mwalimu akisema "zidisha kwa 3", halafu "gawanya kwa 3", neno ni lile lile. Tunakata kwa kisu, tunalia kwa uchungu, tunakwenda kwa shangazi. Neno lenye shughuli zote hizo haliwezi kuachiwa peke yake kazi ya kumwonyesha msomaji kwamba wati zimegawanywa juu ya eneo.

"Kwa saa" sina ugomvi nayo. Imezoeleka, na hakuna anayeisikia akafikiria kuzidisha. Balaa huanza pale "kwa" inapoingia kwenye eneo, maana huko ndiko ilikozoea kuzidisha. Soma sentensi hii, ambayo mfano wake umejaa katika vitabu vya maelekezo vilivyotafsiriwa: "Bamba linapoteza wati 300 kwa mita 3 za mraba." Msomaji wa kwanza ataelewa kwamba bamba zima lina mita 3 za mraba na linapoteza wati 300, kwa hiyo kila mita inapoteza wati 100. Wa pili ataelewa kwamba wati 300 ndicho kiwango, eneo ni mita 3 za mraba, basi jumla ni wati 900. Wote wawili wanajua Kiswahili na wote wanajua hesabu. Aliyewapotosha ni mwandishi. Na huyo wa pili akienda kuchagua kifaa cha kupoza bamba hilo, atachukua chenye nguvu mara tatu ya kinachohitajika. Wa kwanza naye, kama mwandishi alikusudia wati 900, atachukua kidogo mno na bamba litaungua. Sasa andika: "Bamba lina eneo la mita 3 za mraba, na linapoteza wati 100 kwa kila mita ya mraba." Mzozo umekwisha, na gharama yake ni neno moja la herufi nne.

"Kila" tumeipata kutoka Kiarabu, na ni miongoni mwa maneno machache ya Kiswahili yanayotangulia nomino: kila mtu, kila saa. Humfanya msomaji ahesabu kimoja kimoja, na hicho hasa ndicho kizio cha namna hii kinachokitaka. Wanaoiacha hudai wanafupisha. Hawafupishi chochote, wanamhamishia msomaji kazi yao.

Kosa la pili katika mstari wako ni "mita mraba". Andika "mita ya mraba", na zikiwa nyingi, "mita za mraba". Ukisema "mita 5 mraba", mtu ana haki ya kuwaza mraba wenye upande wa mita 5, ambao eneo lake ni mita 25 za mraba. Hiyo "ya" ikidondoka, "mraba" hugeuka pambo, na pambo husahaulika wakati wa kukokotoa. Ndiyo maana mara kwa mara nakutana na majedwali yanayosema wati 1 kwa kila sentimita ya mraba ni wati 100 kwa kila mita ya mraba. Si kweli! Ni wati 10,000, kwa sababu mita moja ya mraba ina sentimita 100 kwa 100 za mraba. (Hapo "kwa" imezidisha, na iko kwao.)

Kwa hiyo mstari wako uwe hivi: "BTU 1 kwa saa kwa kila futi ya mraba ni sawa na wati 3.155 kwa kila mita ya mraba." Ukiusoma hivyo, unaiona hesabu yenyewe. BTU moja ni jouli 1,055 hivi. Zigawanye kwa sekunde 3,600 za saa, unapata wati 0.2931. Futi moja ya mraba ni mita za mraba 0.0929, basi 0.2931 gawanya kwa 0.0929 unafika 3.155. Ukikutana na kilokalori 1 kwa saa kwa kila mita ya mraba, eneo halibadiliki, unabadili nishati na muda tu: wati 1.163.

Angalia pia kwamba upande wa wati hautaji muda. Wati tayari ni jouli 1 kwa sekunde. Anayeandika "wati kwa sekunde" akikusudia mtiririko wa joto amegawanya kwa muda mara mbili, na hilo silivumilii hata kwa mwanafunzi.

Kuhusu "badili": vizio hubadilishwa kuwa vingine. "Kubadili kutoka BTU kwenda wati" kunazipa safari zisizokuwa nayo. Sema "kubadili BTU kuwa wati", inatosha. Na jedwali lako usilipe kichwa "Kubadili Joto", kwa kuwa joto lenyewe halibadiliki hata chembe. Vinavyobadilika ni vizio.

Nafasi ikibana kwenye safu, weka alama W/m² na uyaandike maneno kamili mara moja juu ya jedwali, pamoja na "kila" yake.