Kitambuzi cha gesi kwenye karavani (nyumba ya kuvutwa na gari) kifungwe wapi?

Kifunge chini, karibu na sakafu, si darini kama kile cha moshi. Gesi ya mtungi ni propani au butani, na zote ni nzito kuliko hewa: propani kama mara 1.5, butani mara 2 hivi. Ikivuja inashuka na kutuama sakafuni, chini ya kitanda na ndani ya makabati, kwa hiyo kitambuzi cha juu kitachelewa mno kulia. Ndiyo maana karavani huwa na matundu sakafuni; tafadhali usiyazibe kwa zulia hata baridi ikipenya. Ila kitambuzi hiki hakitambui kaboni monoksaidi, yaani gesi ya sumu itokayo kwenye jiko au hita; hiyo ina kifaa chake. Kitambuzi cha gesi kikilia usiguse swichi yoyote: toeni watu nje, mtungi ufungwe.