Muulize Fundi: 504 ya Mzee Inagonga Mbele

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Niko na Peugeot 504 saloon ya 1979, mzee aliniachia na siuzi hata nikikosa unga. Shida ni mbele, inagonga kila nikipita tuta, nikipiga breki pua inainama sana, na tairi ya kushoto imeanza kuliwa upande wa ndani. Fundi mmoja wa Grogan ananishauri tuweke springi ngumu za gari ingine na spesa (vipande vya kuinua gari) juu, eti itakuwa ya rali. Nikubali ama? Msomaji, Buruburu.

JIBU: Usikubali, ndugu yangu, angalau si sasa. Gari yako inagonga, haijasema iko chini, na hayo ni magonjwa mawili tofauti. Halafu kuhusu rali, dereva Ove Andersson alishinda Safari Rally ya 1975 na hii hii 504, na moja ya sifa zake ni kwamba springi ni laini na zina mwendo mrefu, tairi inaingia shimo na kutoka kabla wewe kwa kiti ujue. Ukiweka springi ngumu juu ya shoki (zile za kutuliza mruko wa springi) zilizochoka utaruka-ruka Jogoo Road nzima kama mpira, na spesa nayo inabadilisha pembe ya boljointi (kiungo cha duara kinachoacha gurudumu ligeuke) hadi inakufa mapema.

Anza kutafuta mchezo, yaani kulegea, uko wapi. Inua mbele kwa jeki, weka stendi (jeki peke yake usiiamini), shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, mwambie mtu akanyage breki utikise tena: mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki angalia boljointi. Shika kushoto na kulia, ikicheza hapo ni tairodi (fimbo ya kugeuza gurudumu) ama stearingi. Bushi (raba za viungo) za mkono wa chini unaoshika gurudumu zichokonoe na lever, utaona raba imepasuka. Mimi naona hapo ndipo kugonga na kuliwa kwa tairi kunatoka.

Badilisha pande zote mbili, usifanye kushoto tu kwa sababu pesa imeisha, ngoja mwezi uishe. Raba ya kawaida inatosha, zile bushi ngumu za plastiki zinapitisha kila kokoto hadi kwa stearingi. Na hapa mafundi wengi wanakosea: nati za bushi zisikazwe gari ikiwa imening'inia, ishushe kwanza ikae kwa magurudumu yake ndio ukaze, la sivyo raba inabaki imejisokota na baada ya muda mfupi tu imeraruka tena.

Kuinama pua ukipiga breki, hapo nashuku shoki. Kwa 504 shoki ya mbele iko katikati ya springi, so springi lazima ibanwe na kile kifaa chake kabla ya kufungua nati ya juu. Nimeona watu wakifunga na waya, wallahi! Springi hiyo ikitoroka inavunja taya ya mtu. Fundi asiye na kifaa, ondoka na gari yako. Ukiwa hapo badilisha na raba ya mauntingi ya juu, kazi ni ile ile.

Alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) ni ya mwisho, ukiifanya kabla umetupa pesa. Na kama baada ya hayo gari inalala upande mmoja, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia, uniandikie vipimo ndio tuongee springi.