Viini vinavyozunguka kasi: anza na penseli

Vijana wanaoanza uzamili wa fizikia ya nyuklia huniuliza wajifunze programu gani kwanza. Jibu langu huwaudhi: hakuna, bado. Tafuta penseli, daftari na orodha ya mistari ya gama ya disprosi-152, yaani nishati za miale ya gama inayotolewa na kiini hicho.

Sijui mfano ulio bora kuliko huo. Mwaka 1986, huko Daresbury, Uingereza, Peter Twin na wenzake walirusha ayoni za kalisi-48 kwenye shabaha ya paladi-108. Viini viwili vikaungana, vikatema nyutroni 4, kikabaki kiini cha disprosi kinachozunguka zaidi ya mara 10²⁰ kwa sekunde. Kila kikipunguza mzunguko hutoa mwale wa gama. Walipata mistari 19, kuanzia keV 600 hivi (keV ni elektronivolti elfu moja, kipimo cha nishati) hadi 1,450, imeachana karibu keV 47 kila mmoja.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Toa kila mstari kwenye ule unaoufuata. Geuza tofauti iwe MeV (MeV 1 ni keV 1,000), yaani 0.047, kisha gawanya 4 kwa namba hiyo. Utapata kama 85, kipimo cha inesha ya kiini, yaani jinsi kinavyokataa kubadilishiwa mzunguko. Tofauti haibadiliki, maana yake umbo nalo halibadiliki ingawa kasi inashuka. Na 85 ni kubwa: inalingana na kiini kilichorefuka, urefu wake mara 2 ya upana. Ukiliona umbo hilo likitoka kwenye hesabu ya kutoa na kugawanya tu, hutalisahau.

Kisha rudia kwa disprosi-160. Huko nishati za mistari hupanda vizuri, halafu ghafla zinaacha kupanda hivyo. Watafiti wa Stockholm waliliona hilo mwaka 1971, na mwaka uliofuata Stephens na Simon wakaeleza: jozi ya nyutroni huvunjika kwa nguvu ya mzunguko, zote mbili zikaelekea upande wa mzunguko wenyewe. Hapa usikimbilie vitabu kabla hujachora mchoro.

Penseli ikishazoea, nenda kwenye data. Kwetu Afrika, iThemba LABS karibu na Cape Town wana AFRODITE, safu ya vigunduzi vya germaniamu vinavyopozwa kwa nitrojeni iliyo kimiminika, nyuzi -196. Ukipewa zamu ya usiku, ipokee. Mchana kila mtu anataka kuongea. Pima europi-152, ambayo nishati za mistari yake zinajulikana, kabla na baada ya jaribio, uhakikishe vilele vyake kwenye grafu vya keV 121.8, 344.3 na 1,408 viko palepale.

Na usikiamini kilele kwa sababu tu kimekaa unapokitaka. Fungua dirisha juu ya mstari mmoja, yaani chagua matukio yenye mstari huo tu, ondoa mandharinyuma, tazama mistari mingine inayotokea nao kwa wakati mmoja. Halafu geuza: fungua dirisha juu ya mstari huo mgeni, uone kama ile ya mwanzo inatokea. Ile ya keV 511 itakuwepo kila mara, iache. Ni elektroni na positroni zinazoangamizana.

Spini (kiasi cha mzunguko wa kiini katika kila ngazi ya nishati) ambayo hujaithibitisha iandike ndani ya mabano, hata msimamizi akinuna. Ile bendi ya Daresbury, yaani mistari 19 ya disprosi-152, ilikaa na spini za kukisia mpaka 2002, pale Gammasphere, safu ya vigunduzi ya Marekani, ilipopata mstari wa keV 4,011 unaoiunganisha na ngazi za kawaida za kiini hicho.