Watumiaji hawatusaidii kuandika maelezo ya programu yetu: tufanyeje?

Swali: Tuko sita hapa Bukavu, tunatunza programu huria ya kufuata stoki ya dawa katika vituo vya afya. Maelezo yake ni faili la Word la Kifaransa, na yamepitwa na wakati. Tuliwaomba watumiaji watusaidie kuyaandika upya, hakuna aliyeitika.

Jibu: Ndugu zetu, ombi lenyewe ndilo lililowashinda. Muuguzi akiambiwa "tusaidie kuandika maelezo" hajui ashike wapi. Mwombeni kitu cha dakika kumi: alikwama wapi, aliona ujumbe gani kwenye skrini, alitokaje hapo.

Kazi ya kwanza iko tayari katika kundi lenu la WhatsApp. Rudini nyuma miezi mitatu, nakilini kila swali. Lililoulizwa mara tatu na zaidi lipate ukurasa wake, na kichwa kiwe kwa maneno ya muulizaji: "Stoki inaonyesha namba hasi baada ya kutoa dawa" kitapatikana haraka kuliko "Usimamizi wa moduli ya stoki".

Faili la Word liacheni. Likizunguka kwa barua pepe, baada ya wiki mnakuwa na matoleo matatu na hakuna ajuaye lipi la kweli. Pia Word hubadilisha alama za kunukuu zilizonyooka kuwa za kupinda, na vistari viwili kuwa kimoja kirefu. Anayenakili amri kutoka humo inamkatalia, na kwa macho ni vigumu kuona kosa liko wapi. Wekeni maelezo kwa Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache za kuonyesha vichwa na orodha) katika folda ya `docs`, ndani ya hazina ileile ya Git (mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya faili) yenye msimbo wa programu. Hapo anayebadilisha kitufe hubadilisha na ukurasa wake katika ombi moja la kuunganisha (pull request, yaani pendekezo la mabadiliko linalokaguliwa kabla ya kuingizwa), na mkaguzi akatae ombi lililosahau ukurasa. Kanuni hii msiilegeze hata siku moja, maana ndiyo inayozuia maelezo kuchakaa tena.

Kwa kuonyesha kurasa, MkDocs, programu inayogeuza Markdown kuwa tovuti, inatosha: `pip install mkdocs`, kisha `mkdocs serve` ndani ya folda yenye faili la mipangilio `mkdocs.yml`, na mnazisoma kwenye kivinjari kwa anwani `127.0.0.1:8000`, yaani kompyuta yenu wenyewe, bila intaneti. Jihadharini na orodha. MkDocs inataka mstari mtupu kabla ya orodha, na nafasi nne kwa orodha iliyo ndani ya nyingine. Ukiweka mbili, GitHub (tovuti ya kuhifadhi hazina za Git) inaweza kuionyesha vizuri, lakini kwenye tovuti yenu hatua zitachanganyika.

Jazeni `repo_url` (anwani ya hazina) na `edit_uri` (njia ya kufikia ukurasa wa kuhariri) katika `mkdocs.yml`, ili msomaji apate kiungo cha kuhariri ukurasa. Mwenye akaunti ya GitHub atarekebisha ndani ya kivinjari bila kujifunza Git. Asiye nayo atume ujumbe wa sauti. Mmoja wenu auandike, na kwa ruhusa ya aliyeutuma aongeze mstari wa `Co-authored-by` (mwandishi mwenza) katika ujumbe wa badiliko, ili jina la aliyeutuma libaki katika historia. Mchango wa kwanza wa mtu ujibiwe ndani ya siku mbili. Akikaa wiki bila jibu, mara nyingi harudi.

Kila ukurasa wa hatua ujaribiwe na mtu asiyewahi kugusa programu, kwenye kompyuta isiyowahi kuwekewa. Kaeni kando, msimsaidie. Anaposimama ndipo penye neno linalokosekana.

Kuhusu lugha, chagueni moja iwe chanzo, na kila tafsiri itaje imefuata toleo gani la chanzo. Vitufe viachwe kama vilivyo kwenye skrini: kama kimeandikwa "Valider", andikeni "bonyeza Valider", msikitafsiri. Maneno mengine wachague wauguzi wenyewe. Wakisema "stoki", "akiba" ya kamusi itawapoteza.

Vituo visivyo na intaneti vipelekeeni nakala kwa flashi. Wekeni `use_directory_urls: false` katika `mkdocs.yml` ili viungo vifunguke bila seva, endesheni `mkdocs build`, nakilini folda ya `site`. Kisanduku cha kutafuta hakitafanya kazi faili zikifunguliwa moja kwa moja, kwa hiyo ukurasa wa kwanza uwe na orodha nzima ya matatizo, pamoja na namba ya toleo na tarehe, kwani flashi hizo zitazunguka miezi mingi.