Nyumba ya mnada ina bei mbili

Nyumba ya kwanza niliyoinunua mnadani, wakati uchumi umedorora na wadaiwa wengi wameshindwa kulipa mikopo yao, niliipata kwa theluthi mbili ya thamani iliyokadiriwa na mthamini. Kwa siku chache nilijiona mjanja. Kisha nilikwenda kuifungua, nikakuta familia ya mdaiwa bado imo ndani na kodi ya ardhi haijalipwa kwa miaka kadhaa. Ilinigharimu miezi kumi na moja, ada za wakili na sehemu kubwa ya lile punguzo kabla ya kukabidhiwa funguo.

Tangu hapo nahesabu bei mbili: ile inayotajwa nyundo inapogongwa, na ile unayomaliza kuilipa siku nyumba inapokuwa yako bila mgogoro. Mkopeshaji huuza mali kama ilivyo, na mashaka yote yaliyoambatana nayo humhamia mnunuzi.

Kwa hiyo pekua hati katika masjala ya ardhi kabla ya kutaja bei yoyote. Angalia kama kuna zuio la mahakama, na zaidi ya yote, ni mkopeshaji yupi anayeuza. Nyumba moja huweza kuwekwa rehani mara mbili, na mara nyingi anayenunua katika mnada wa mwenye rehani ya pili huichukua ikiwa bado imebeba deni la rehani ya kwanza. Ziko pia sheria zinazompa mwenye nyumba muda wa kuikomboa hata baada ya mnada. Usianze ukarabati muda huo haujapita.

Fedha nazo zina mtego wake. Amana hudaiwa papo hapo na salio huwekewa tarehe, ilhali benki hubana mikopo wakati huohuo ambapo nyumba zimeshuka bei. Asiyekuwa na fedha taslimu, au barua ya mkopo iliyokwisha kuidhinishwa, anaweza kupoteza amana yake yote.

Wengi huniuliza bei itagota chini lini. Sijui, na simwamini anayedai kujua. Nchini Marekani bei za nyumba zilifika kileleni mwaka 2006 na hazikuacha kushuka hadi karibu mwaka 2012. Aliyekimbilia kununua mara tu baada ya benki kubwa ya uwekezaji ya Lehman Brothers kufilisika mwezi Septemba 2008 aliziona zikiendelea kuporomoka kwa miaka mingine mitatu. Kama alitegemea kuuza haraka, aliumia. Kama kodi ya wapangaji ilitosha kulipa rejesho, matengenezo na miezi michache ya nyumba kukaa tupu, aliweza kungoja, kwa kuwa waliopoteza nyumba zao bado walihitaji pa kupanga. Mimi huanzia kwenye kodi hiyo, kisha narudi nyuma hadi kwenye bei ninayoweza kuimudu.

Nyumba ya pili sikuingoja ifike mnadani. Nilizungumza na mwenyewe mapema, naye aliniuzia moja kwa moja kwa ridhaa ya mkopeshaji wake; deni likafutwa, akabakiwa na kiasi cha kuanzia upya. Nadhani nililipa zaidi ya bei ambayo mnada ungefikia, lakini funguo alinipa yeye mwenyewe, siku ileile tuliyoandikiana.